Upande Mzuri Utazame Nje

Nyumba yetu iko pembeni, mtaa wa Ishirini na Sita
unapokatana na barabara ya malori,
hapa Erie, ambako theluji huvuka ziwa bila hodi.
Ukiwa na nyumba ya kona, akaniambia Bwana Kearney
nyuma ya kioo cha dirisha namba tatu,
wewe una mbele mbili.
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Futi nne huku, futi nne kule,
na kwenye kona yenyewe akachora pembetatu kwa kalamu nyekundu:
humo kisisimame kitu kinachopita goti,
si ubao, si kichaka,
ili dereva amwone anayekuja.

Nikamwambia: anayekuja ni mwanangu.

Asifiwe ana miaka sita. Hasemi. Anakimbia.
Hakimbii kitu, hakimbilii kitu,
anakimbia kama maji yanavyotafuta bonde,
na bonde letu ni hiyo barabara.
Mwezi wa tatu nilimdaka kwa kofia ya koti;
honi ya lile lori mpaka leo naisikia.

Kwetu neno ni moja. Ua wa kuzungushia nyumba,
ua la kunusa; mwalimu alitufundisha
tusikilize kinachofuata, wa au la, ndipo tujue.
Na kipo kitenzi kinachofanana nayo
ambacho sikitamki nikiwa karibu na dirisha.

Fomu ina kurasa tisa. Ramani ya kiwanja, nakala tatu.
Umbali kutoka mpakani. Aina ya mbao.
Dola mia mbili hazirudi, ukubaliwe ukataliwe.
Nilipofika kifungu cha saba nikasoma kwa sauti,
Byamungu akiosha vyombo:
upande uliopigwa randa, upande mzuri, utazame nje,
kwa jirani na kwa umma;
nguzo na mapapi vibaki ndani, kwa mwenye ua.

Byamungu akafunga bomba.
Mapapi matatu, akasema, ya kulala, moja juu ya jingine.
Hiyo ni ngazi.
Tunamjengea ngazi.

Sheria ni msumeno, tuliambiwa tangu utotoni.
Huu umekata mbao zangu kabla sijazinunua.

Kwa hiyo kikao. Jumanne, saa moja jioni,
watu watano mezani, chupa tano za maji.
Barua zilikuwa zimepelekwa kila nyumba ndani ya futi mia tatu
kuuliza nani ana pingamizi.
Nilivaa kitenge cha harusi ya dada yangu, sijui kwa nini.
Mwenyekiti akauliza: ugumu wako, mama,
unatokana na ardhi au unatokana na mtu?
Maana sisi tunaangalia mteremko, mwamba, umbo la kiwanja.
Nikautafuta mteremko ndani ya mwanangu, nikauona,
ila kwa Kiingereza sikujua pa kuuanzia.

Ndipo akasimama Bi Dolores Wisniewski, wa upande wa mashariki,
ambaye miaka minne tumepungiana mikono tu,
na mara moja alikuja kulalamikia moshi wa jiko letu la mkaa.
Hakunitazama.
Nina miaka themanini na moja, akasema,
na dirisha langu la jikoni linatazama kwao.
Nigeuzieni mimi huo upande mbaya.
Nitatundika makopo yangu ya maua kwenye mapapi.
Akaketi. Akasimama tena:
Na ule moshi bado siupendi.

Wameahirisha. Siku thelathini, mwanasheria wa mji aupitie.

Mpimaji ameshafika, ameacha vigingi vinne
na uzi wa rangi ya waridi uliokazwa kigingi hadi kigingi,
usioweza kuzuia hata kuku.
Asubuhi hii Asifiwe ameuona.
Akauwekea kidole, akatembea nao,
taratibu, mdomo wazi,
hadi kigingi cha kona, ndani ya ile pembetatu,
mahali uzi unapogeuka,
naye akageuka.

Nimesimama mlangoni bila viatu.
Ameanza tena upya.
Bado siku ishirini na nane.